Yin na Yang: Pande Mbili za Mlima Mmoja



Habari nitakayowaeleza imetoka mbali, katika nchi ya Uchina, nayo ni habari ya maneno mawili mafupi: yin na yang. Huenda baadhi yenu mmekwisha kuiona alama yake. Ni duara moja, nusu nyeusi na nusu nyeupe, na nusu hizo zimekumbatiana mfano wa samaki wawili. Ndani ya ile nyeusi mna nukta nyeupe, na ndani ya ile nyeupe mna nukta nyeusi. Watu wengi wakiulizwa maana yake hujibu ya kwamba nyeupe ni wema na nyeusi ni ubaya, na ya kwamba viwili hivyo vyapigana daima. Jibu hilo si sahihi. Wala kosa lake si dogo, kwa sababu mtu akiliamini hataelewa kwa nini fikira hii iliwafaa Wachina kwa zaidi ya miaka elfu mbili, wala kwa nini wengine miongoni mwao waliilia.

Tuanze pale maneno yenyewe yalipoanzia, yaani mlimani.

Yin na yang hayakuanza kuwa maneno ya wanavyuoni. Yalikuwa maneno ya wakulima na wasafiri. Yang maana yake ni upande wa mlima unaopigwa na jua, na yin ni upande ulio katika kivuli. Katika maandishi ya Kichina herufi zote mbili huanza kwa alama ile ile moja, nayo ni alama ya kilima.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana mtu wa Afrika ya Mashariki aweza kustaajabu. Huku kwetu jua hupita juu ya vichwa vyetu. Miezi mingine huelekea kaskazini na miezi mingine huelekea kusini, hata kila upande wa mlima hupata zamu yake. Uchina sivyo. Sehemu iliyo kubwa ya nchi ile iko kaskazini sana, na huko jua la adhuhuri halifiki utosini hata siku moja. Mwaka mzima huonekana upande wa kusini. Kwa hiyo mteremko unaoelekea kusini ni wa jua siku zote, na mteremko wa kaskazini ni wa kivuli. Kwa mto mambo hugeuka. Ukingo wa kaskazini ndio unaolitazama jua, maana nchi yake yateremka kuelekea kusini, majini. Basi ukingo huo ni yang, na ukingo wa pili ni yin.

Ushahidi wa jambo hili umo katika majina ya miji hata leo. Luoyang, mji uliokuwa makao ya wafalme wengi, maana yake ni yang ya mto Luo, yaani mji ulio kaskazini ya mto huo. Huayin ni yin ya mlima Hua, na kweli mji huo uko kaskazini ya mlima. Xianyang, makao ya mfalme wa kwanza aliyeiunganisha Uchina nzima mwaka 221 kabla ya Kristo, ulikuwa kusini ya vilima na tena kaskazini ya mto Wei. Ulikuwa na yang mara mbili, na jina lake lasema hivyo hasa. Na mtu wa kawaida huko huyatumia maneno haya kila siku bila ya kufikiri hekima yo yote. Jua huitwa taiyang, yaani yang kuu. Siku ya mawingu ni siku ya yin. Kalenda ifuatayo mwezi ni kalenda ya yin, na ifuatayo jua ni kalenda ya yang.

Sasa tazameni yale yaliyomo katika mfano huu wa mlima. Hapana mlima wenye upande mmoja tu. Ukitaka kuuondoa upande wa kivuli, huna budi kuuondoa mlima wote, na jua halitakuwa na mahali pa kupiga. Tena upande wa kivuli si mbaya. Theluji hukawia kuyeyuka huko, na udongo hukaa na unyevu wakati upande wa pili umekauka. Mkulima mwenye akili hakuulaani upande mmoja na kuusifu mwingine. Aliuliza tu, kipi kipandwe wapi?

Lini basi maneno haya ya mlimani yalipanda na kuwa maneno ya kuelezea ulimwengu mzima? Hadithi moja ya kale yatupa mwanga.

Mwaka 780 kabla ya Kristo nchi iliyo karibu na mji wa leo wa Xi'an ilitikisika kwa tetemeko kubwa. Nyumba ya kifalme iliyotawala wakati ule iliitwa Zhou, na mfalme aliyekuwa kitini ni You. Mito mitatu, Jing, Wei na Luo, ikakauka, na mlima Qi ukaporomoka. (Luo huo ni mto mwingine, sio ule wa Luoyang.) Alikuwako mtu mmoja mwenye elimu, jina lake Bo Yangfu. Yeye hakusema kwamba kuna joka chini ya ardhi, wala kwamba mizimu imekasirika. Alieleza ya kuwa yang ilikuwa imekandamizwa chini na yin, ikataka kupanda juu isiweze, na nguvu hiyo iliyozuiliwa ndiyo iliyoitikisa nchi. Kisha akaendelea kufikiri kwa hatua. Chemchemi zikizibwa, udongo haupati maji. Udongo usipopata maji, watu hawapati mazao. Na watu wasipokuwa na chakula, dola yawezaje kusimama? Akasema ya kwamba haitapita miaka kumi kabla ya Zhou kuanguka. Mwaka 771 kabla ya Kristo maadui kutoka magharibi waliingia, mfalme You akauawa, na waliosalia katika nyumba yake wakahamia mashariki, katika mji ule ambao baadaye uliitwa Luoyang.

Hadithi hii imo katika kitabu kiitwacho Guoyu, nacho kiliandikwa karne kadhaa baada ya tetemeko lile. Aliyeandika alikwisha kuujua mwisho, na ni rahisi mno kutabiri jambo lililokwisha kutokea. Mimi siamini kwamba Bo Yangfu alihesabu miaka kumi kwa usahihi namna ile. Lakini hata tukiuondoa utabiri, kuna jambo la maana linalobaki: mtu wa zamani zile aliweza kueleza msiba mkubwa kwa habari ya nguvu mbili zilizokosa mwendo wake, bila ya kumtaja mungu wala pepo aliyeghadhibika. Katika maelezo yake yin hailaumiwi kwa kuwa ni yin. Kosa ni kwamba kila moja ilikuwa mahali pasipo pake, na njia ya kupanda na kushuka imezibika.

Mwendo ndio moyo wa fikira hii. Wachina walisimamisha mti wima, wenye urefu wa chi nane za kipimo chao, wakapima kivuli chake cha adhuhuri siku baada ya siku. Kivuli hurefuka polepole, na mwezi wa Desemba, siku ile ambayo mchana ni mfupi kuliko siku zote, hufikia mwisho wa urefu wake. Hiyo ndiyo siku ya yin iliyokamilika. Baridi bado haijafika ukali wake, mashamba yamekufa, mito yaganda. Lakini kuanzia kesho yake kivuli hupungua. Kwa hiyo wenye hekima walisema ya kwamba yang huzaliwa siku hiyo hiyo ambayo yin imeshinda kabisa. Katika kitabu cha kale cha Yijing, kitumiwacho kwa kupigia bao, mna michoro 64, kila mmoja una mistari sita, mingine mizima na mingine iliyokatika katikati. Mchoro uitwao Fu, maana yake kurudi, una mistari mitano iliyokatika, na chini kabisa mstari mmoja mzima. Baadaye mchoro huo ulitumiwa kuwa alama ya siku hiyo ya Desemba: yang moja, chini ya yin tano, yaanza kupanda. Na wakati wa joto mambo huwa kinyume chake. Siku ndefu kuliko zote ndiyo siku ambayo yin huzaliwa.

Kutoka majira ya mwaka, fikira ikaenea katika mambo yote. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo alitokea mtu wa dola ya Qi, jina lake Zou Yan, ambaye wafalme walimpokea kwa heshima kubwa kwa sababu ya elimu yake ya yin na yang. Vitabu vyake vimepotea vyote. Tumesikia habari zake zaidi katika kitabu cha mwandishi mkuu wa historia, Sima Qian. Baba yake Sima Qian, aliyeitwa Sima Tan na kufariki mwaka 110 kabla ya Kristo, aliandika juu ya madhehebu sita ya elimu ya zamani zake, na madhehebu ya yin na yang akayataja kwanza. Aliwasifu watu hao kwa kupanga sawasawa kazi za majira manne. Lakini akawalaumu kwa jambo moja: wamewajaza watu miiko na hofu, hata mtu hathubutu kufanya neno bila ya kuuliza kama siku yafaa. Nadhani lawama hiyo twaielewa vizuri hata sisi.

Mwaka 1973 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua kaburi moja mahali paitwapo Mawangdui, karibu na mji wa Changsha. Kaburi hilo lilikuwa limefungwa tangu mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani yake walikuta maandishi juu ya vitambaa vya hariri, na katika maandishi hayo mna orodha ndefu ya vitu viwili viwili. Mbingu ni yang na nchi ni yin. Mchana ni yang na usiku ni yin. Kutenda ni yang na kutulia ni yin. Hayo hayastaajabishi. Lakini orodha yaendelea: kusema ni yang na kunyamaza ni yin, kutoa ni yang na kupokea ni yin, mgeni ni yang na mwenyeji ni yin, kuoa au kupata mtoto ni yang, na kufiwa ni yin, askari ni yang na vibarua ni yin. Mwaona jinsi macho ya mwandishi yalivyopita nyumbani, sokoni na vitani. Kutoa hakuwezekani pasipo mwenye kupokea. Maneno ya msemaji ni kelele tu kama hapana aliyenyamaza kusikiliza. Mimi nisemaye katika redio nalijua jambo hili kuliko wengi.

Hata hivyo katika orodha ile ile mmeingia namna nyingine ya vitu viwili viwili. Baba ni yang na mwana ni yin. Mwanamume ni yang na mwanamke ni yin. Dola kubwa ni yang na dola ndogo ni yin. Mtukufu ni yang na mnyonge ni yin. Hapa mlima wetu umeanza kugeuka kuwa ngazi. Upande wa jua na upande wa kivuli hukaa ubavu kwa ubavu, lakini mtukufu na mnyonge hawakai ubavu kwa ubavu. Mmoja yu juu na mwingine yu chini.

Mtu aliyeisimamisha ngazi hiyo ikasimama imara ni Dong Zhongshu, mwanachuoni wa zamani za nyumba ya kifalme ya Han, aliyeishi katika karne ya pili kabla ya Kristo. Alimtumikia mfalme Wu, aliyetawala tangu mwaka 141 hata mwaka 87 kabla ya Kristo, mfalme wa vita vingi na kodi nyingi. Kitabu kihesabiwacho kuwa cha Dong chaitwa Chunqiu fanlu, ingawa wataalamu wa siku hizi hawakubali kwamba kila sura yake iliandikwa naye. Sura moja yaitwa kwa maneno manne: yang ni zun, yin ni bei. Tuyashike maneno haya mawili, maana tutayakuta tena. Zun maana yake ni aliye juu, mwenye kuheshimiwa. Bei ni aliye chini, mnyonge. Kwa mafundisho ya kitabu hicho, mfalme ni yang kwa waziri wake, baba ni yang kwa mwanawe, na mume ni yang kwa mkewe. Wala haidhuru mume awe duni namna gani na mke awe wa ukoo bora namna gani.

Tumhukumu Dong kwa haki. Yeye hakuwa mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa. Alimwambia mfalme ya kwamba Mbingu huiweka yang katika majira ya joto ili ilee na kukuza, na yin katika majira ya baridi mahali patupu. Kwa hiyo mfalme naye apende kufundisha kuliko kuadhibu. Alisema pia ya kwamba mfalme akitawala vibaya Mbingu humwonya kwa moto, mafuriko na ukame. Maneno hayo yalikuwa ya hatari. Mwaka 135 kabla ya Kristo mahekalu mawili ya babu wa ukoo wa kifalme yaliungua, na Dong akaandika nyumbani kwake maoni yake juu ya maana ya moto huo. Mtu mmoja mwenye kumhusudu, Zhufu Yan, akayaiba maandishi yale kabla hayajakamilika, akampelekea mfalme. Mfalme akawaita wanavyuoni wayasome. Mmoja wao, Lü Bushu, alikuwa mwanafunzi wa Dong mwenyewe. Naye, asijue mwandishi ni nani, akasema ya kuwa ni upumbavu mkubwa. Dong akahukumiwa kufa. Mfalme akamsamehe, lakini tangu siku ile hakuthubutu tena kunena habari za maonyo ya Mbingu.

Fikira hiyo ya ishara za Mbingu iliishi kuliko yeye, na siku moja ilifika mpaka pwani yetu. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle wa Uchina. Watu wa barazani walimwita qilin, mnyama wa hadithi ambaye huonekana nchi itawalwapo vema, wakamsifu mfalme kwa ajili yake. Ishara njema zina raha ya kuzisoma kuliko moto wa hekalu!

Kuhusu mvua, Dong alikuwa na kanuni ambazo wakulima watapenda kuzisikia. Ukame ni yang iliyozidi. Basi wakati wa kuomba mvua, milango ya yang ifungwe na ya yin ifunguliwe: lango la kusini la mji lifungwe, lango la kaskazini liachwe wazi, wanaume wajifiche, na wanawake watoke na kufurahi. Mvua ikizidi hata kuharibu mashamba, mambo yapinduliwe, na wanawake wasiende sokoni. Sidhani kwamba mawingu yaliwahi kuuliza lango gani li wazi. Lakini mwaona jinsi mtu aliyeandikwa kuwa bei, mnyonge, alivyotafutwa na mji mzima siku ya kiu.

Na mambo ya hukumu? Kwa kuwa majira ya kuchipua ni wakati wa yang na uhai, sheria ya Han iliagiza watu waliohukumiwa kufa wauawe majira ya baridi tu. Yaonekana ni sheria ya huruma. Sima Qian asimulia habari ya liwali mmoja katili, Wang Wenshu, aliyewaua watu wengi sana katika jimbo la Henei, hata damu ikatiririka mbali. Majira ya kuchipua yalipoingia na kazi yake ikazuiliwa, alipiga mguu chini kwa uchungu akitamani majira ya baridi yangeongezwa mwezi mmoja tu ili aimalize. Sima Qian aongeza ya kwamba mfalme aliposikia habari zake alimwona kuwa mtu hodari, akampandisha cheo. Hivyo kalenda ya yin na yang ilifuatwa barabara, na haki haikuwako.

Ila mtu ambaye habari yake hunisumbua kuliko wote ni mwanamke. Jina lake Ban Zhao, naye alizaliwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Kaka yake, Ban Gu, alikuwa akiandika historia kubwa ya Han, akafia gerezani mwaka 92 kabla ya kuimaliza. Mfalme akamwamuru dada yake aimalize. Basi kitabu hicho, ambacho kila mwanachuoni wa Uchina alikisoma, kilikamilishwa na mkono wa mwanamke. Aliitwa barazani kuwafundisha malkia na wanawake wa jumba la mfalme, na Malkia Deng alipotawala kwa niaba ya mtoto mdogo, alimtaka Ban Zhao shauri katika mambo ya dola.

Karibu na mwaka 106 mwanamke huyo mwenye elimu aliandika kitabu kidogo cha kuwaonya binti zake, kiitwacho Nüjie. Humo alifundisha ya kwamba yin na yang zina tabia mbalimbali: sifa ya yang ni ugumu na sifa ya yin ni ulaini, kwa hiyo uzuri wa mwanamume ni nguvu, na uzuri wa mwanamke ni kunyenyekea. Kitabu hicho kilisomwa na wasichana wa Uchina kwa karne nyingi sana, na mama wakwe walikitumia kama fimbo. Lakini ndani yake mna jambo ambalo fimbo haikutaka kulisema. Ban Zhao aliwalaumu mabwana wa zamani zake kwa kuwafundisha wana wa kiume kusoma na kuwaacha mabinti gizani. Ikiwa mume na mke ni kama yang na yin, na ikiwa kila mmoja ana wajibu wake kwa mwenziwe, mmoja atautimizaje wajibu huo asipofundishwa? Alitaka mtoto wa kike naye aanze kusoma mwenye umri wa miaka minane, kama ndugu yake. Hoja hiyo aliitoa katika mlima wa zamani, wenye pande mbili zinazohitajiana. Sehemu ile nyingine ya kitabu aliitoa katika ngazi ya Dong. Watu wakashika ngazi, na habari ya shule wakaisahau.

Juu ya ile alama ya samaki wawili nitasema kwa ufupi, kwa sababu watu huidhania kuwa ya kale sana, nayo sivyo. Katika karne ya 11 mwanachuoni Zhou Dunyi alieleza kwa mchoro wa maduara jinsi yang ikifika mwisho wa mwendo wake hutulia na kuzaa yin, na yin ikifika mwisho wa utulivu hurudi kuwa mwendo. Mchoro wa samaki waliokumbatiana ulionekana karne tatu baada yake, wakati wa nyumba ya Ming. Kutoka hapo umesafiri. Mwaka 1883 nchi ya Korea iliufanya kuwa bendera yake, kwa rangi nyekundu na buluu, bila ya zile nukta, na Korea ya Kusini yaipeperusha hata sasa. Huko Ulaya, Niels Bohr, bingwa wa elimu ya chembe ndogo kabisa za ulimwengu, aliyefika Uchina mwaka 1937, alitunukiwa na mfalme wa Denmark nishani ya juu mwaka 1947. Alipotakiwa kuchagua ngao yake mwenyewe, alichagua duara la yin na yang, na juu yake maneno ya Kilatini yenye maana ya kwamba vilivyo kinyume hukamilishana. Bohr alikuwa amefundisha ya kuwa nuru huonekana mara kama mawimbi na mara kama chembe, na ya kwamba maelezo hayo mawili hayawezi kutumika pamoja kwa mara moja, walakini mtu akiacha moja hawezi kusema ameijua nuru.

Lakini nyumbani, Uchina, watu walikuwa wakiihesabu ngazi. Mwaka 1907 lilitoka gazeti dogo la Kichina katika mji wa Tokyo, liitwalo Tianyi. Mhariri wake alikuwa mwanamke kijana, He-Yin Zhen. Kwa desturi mwanamke alitajwa kwa ukoo wa baba yake. Yeye aliweka ukoo wa baba na ukoo wa mama pamoja, He na Yin, ili wote wawili waonekane. (Yin hiyo ni jina la ukoo tu, huandikwa kwa herufi nyingine.) Aliandika kwa hasira kubwa juu ya wanavyuoni waliogeuza yang na yin kuwa bwana na mtumwa, na Dong Zhongshu hakumsahau. Na Ban Zhao alimwita msaliti, kwa kuwa alikuwa mwanamke na akawafunga wanawake wenziwe kwa kalamu yake. Mimi naona alimhukumu kwa ukali mno. Ban Zhao aliishi barazani miongoni mwa watu wenye visu, na neno lake juu ya mabinti na kusoma halikuwa neno la msaliti. Lakini mimi sikulelewa kwa Nüjie, na He-Yin Zhen alizaliwa katika nchi iliyokuwa ikikishika bado.

Tarehe 1 Mei 1950 serikali mpya ya Uchina ilitangaza sheria ya ndoa. Kifungu chake cha kwanza kilifuta ndoa za kulazimishwa, kikafuta na desturi ya kumhesabu mwanamume kuwa juu na mwanamke kuwa chini. Yin na yang hazitajwi katika kifungu hicho. Lakini kwa juu na chini waandishi wa sheria walitumia maneno mawili ambayo msomaji ye yote mwenye elimu aliyatambua mara moja: zun na bei.